SOMO: Jinsi ya kupima kama kemikali ya kiwandani inaua bakteria wa maji taka

Naandika mara moja tu maana nimechoka kujibu hilo hilo inboksi. Njia ni OECD 209, yaani mwongozo namba 209 wa vipimo wa shirika la OECD, unaangalia tope la bakteria linavuta oksijeni kiasi gani likiwa na kemikali na likiwa halina.

1. Chota tope kwenye tangi la kupulizia hewa, mtambo uwe unapokea zaidi maji taka ya majumbani. Kwenye mchanganyiko wa kupimia liwe 1.5 g/L, uzito mkavu.

2. Weka chakula, yaani maji taka ya kutengeneza, pamoja na kemikali kwa viwango tofauti, na vyombo visivyo na kemikali vya kulinganishia.

3. Pulizia hewa masaa 3, nyuzi 20.

4. Hamishia kwenye chupa ya kupimia, ziba, soma oksijeni ikishuka kati ya 7 na 2 mg/L hivi.

5. HAPA NDIPO MNAPOHARIBU. Lazima uwe na chombo chenye kemikali bila tope kabisa, kwa sababu kemikali nyingine zinakula oksijeni zenyewe, mfano sodiamu salfaiti, sasa bakteria wamekufa wote lakini oksijeni inashuka tu na wewe unaandika "haina sumu". Toa kiasi hicho kwenye hesabu. Na pH isogeze karibu na 7.5 kabla hujaweka tope, la sivyo umepima asidi.

MASWALI

– Mkuu uvutaji wa oksijeni umeshuka 40%, ni sumu?
40% kwa kiwango gani? pH je? Rudi namba 5.

– Kwetu amonia inapanda kwenye maji yanayotoka ila kipimo kinasema salama, inakuwaje?
Swali zuri sana. Bakteria wanaobadili amonia kuwa naitreti ni wachache na ni dhaifu kuliko wenzao, wakifa, kwenye pumzi ya bakteria wote kwa jumla huoni. Pima seti mbili, moja iwe na ATU (alilithiourea) 11.6 mg/L inayowazima hao tu, tofauti ya seti hizo ndiyo pumzi yao. Angalia na 3,5-diklorofenoli, sumu ya kuhakiki kipimo chako, EC50 yake (kiwango kinachopunguza pumzi kwa nusu) kwa jumla inatakiwa iwe 2 hadi 25 mg/L, kwa hao wa amonia ni 0.1 hadi 10. Wanazaliana polepole pia, wakifa wengi mtasubiri wiki kadhaa.

– Kemikali yenyewe inanuka kama petroli, nifuate hivi hivi?
Hapana, hewa itaipeperusha yote na utaambiwa salama. Hiyo inataka chombo kilichofungwa.

– Mita yangu namba zinarukaruka.
Kipovu kimekaa kwenye ncha ya proba. Iinamishe kidogo, na kikorogeo kisisimame.