Kufungua Duka la Dawa Muhimu Tanzania: Hatua za Kufuata na Sababu Zake

Mwaka 1977 sheria ya Tanzania ilipiga marufuku huduma binafsi za afya zinazotafuta faida, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1991. Vijijini, hata hivyo, wengi walitegemea maduka ya dawa baridi, yaani yaliyoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, ambayo mara nyingi yaliuza antibiotiki bila ruhusa wala ujuzi. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, Serikali ilijaribu njia ambayo naiona ya busara kuliko kufunga milango ya watu: iliwafundisha wauzaji, ikaongeza aina za dawa wanazoruhusiwa kuuza, kisha ikawakagua. Hapo ndipo yalipoanzia maduka ya dawa muhimu.

Ukitaka kufungua lako, anza kwa mfamasia wa wilaya kabla hujalipia chumba. Watu hulipa kodi ya miezi sita, wakaguzi wakaja wakakuta bati halina dari na joto la mchana linatosha kuharibu vidonge, na fedha ikawa imeshakwenda. Chumba kiwe kikavu, kipitishe hewa, sakafu isafishike, na kiwe na kabati la kufungwa kwa ufunguo. Kisha tafuta mtoa dawa mwenye mafunzo yanayotambuliwa na Baraza la Famasi. Wewe mmiliki si lazima uwe mtaalamu wa afya, lakini anayesimama kaunta lazima awe amefunzwa. Kibali cha duka kinachotolewa na Baraza hilo hakikuondolei wajibu wa kuwa na namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ya halmashauri.

Nunua mzigo kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali, dawa ziwe zimesajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na utunze risiti zote, kwa sababu kundi la dawa likitangazwa kuwa na kasoro, risiti ndiyo itakayoonyesha ulilipata wapi.

Kazi ngumu huanza siku ya kwanza ya mauzo. Mama anaingia na mtoto mwenye homa, anaweka sarafu mezani na kusema, “Mwanangu, nipatie vidonge vinne tu vya amoksilini, hela ndiyo hii.” Ukimpa, umepata fedha, naye ameondoka na dozi pungufu ya dawa ambayo pengine mtoto haihitaji, huku ukichangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mtoa dawa amuulize umri na uzito wa mtoto, homa imeanza lini, ananyonya au anakula. Akiona degedege, kupumua kwa shida au kutapika kila kitu, ampeleke zahanati mara moja bila kumuuzia chochote. Soko peke yake haliwezi kumlinda mama huyu, kwa kuwa hana namna ya kupima ubora wa anachonunua.

Kanuni hizi humuumiza mwenye duka halali pale tu jirani asiye na kibali anapoachwa auze atakavyo. Hilo likitokea kwako, litolee taarifa kwa mfamasia wa wilaya, tena kwa maandishi, maana ukaguzi ni haki yako pia.

Kila mwisho wa mwezi pitia rafu, tanguliza mbele dawa zinazokaribia kuisha muda, na zilizokwisha zitenge kwenye boksi lenye maandishi makubwa, ziorodheshwe na kusubiri maelekezo ya kuteketezwa. Usizitupe jalalani, ambako watoto huokota.