Jinsi ya kuomba chuo kidogo cha Marekani ukiwa mwanamichezo

Kabla hujajaza chochote, jua hili: vyuo kama Williams, Amherst na Bowdoin, vyenye wanafunzi kama 2,000 kila kimoja, hushindana katika Divisheni ya Tatu ya NCAA, shirika la michezo ya vyuo vya Marekani, ambako ufadhili wa michezo hauruhusiwi. Wakala akikuambia atakutafutia, usimpe hata shilingi. Msaada wa fedha upo, tena mkubwa, ila katika vyuo hivi hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia yako.

Anza na kocha, mwaka mmoja hivi kabla ya kuomba. Tovuti ya timu ina fomu ya wanamichezo wanaotaka kujiunga. Ukiwa mkimbiaji, jaza muda wako bora na shindano ulikoupata, au weka video fupi ya mechi ukiwa mchezaji wa mpira. Kisha mwandikie kocha barua pepe yako mwenyewe, ukiambatisha matokeo ya shule. Akivutiwa, mwombe apeleke matokeo hayo ofisi ya udahili yakaguliwe mapema. Jibu la ofisi hiyo litakuonyesha kama unapoteza muda au la, kwa sababu alama ndizo zinazoamua. Hata KenSAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi kuingia vyuo vya Marekani ulioanzishwa Kenya mwaka 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya mwaka 1972, huanza na alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya.

Maombi yenyewe hufanywa kwenye Common App, fomu ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi, inayofunguliwa Agosti 1. Huko utaweka insha, barua za walimu na matokeo. Omba msamaha wa ada ya maombi kama huna pesa.

Fomu ya kuomba msaada wa fedha, CSS Profile, hufunguliwa Oktoba 1, na hapa ndipo vijana wengi wazuri hukwama. Kaa na wazazi mkusanye hati za mishahara, mapato ya shamba au biashara, na taarifa za benki. Kama mapato hayana risiti, andikeni barua ya kuyaeleza kwa ukweli. Vyuo vingi huangalia uwezo wa mwombaji wa kigeni kabla ya kumpokea. Amherst na Bowdoin hawafanyi hivyo.

Kocha anaweza kukusihi utumie Early Decision, yaani kuomba mapema chuo kimoja tu, ambayo mwisho wake huwa Novemba. Inakufunga: ukikubaliwa, unaacha vyuo vingine, isipokuwa kama msaada wa fedha hautoshi. Usisaini kabla chuo hakijakukadiria gharama.

Ukishapokelewa, fungua akaunti NCAA uthibitishwe kuwa mwanamichezo wa ridhaa. Wakimbiaji, kama mlishawahi kushika pesa za zawadi kwenye mbio za barabarani, orodhesheni kila shindano na kiasi, na kocha ajue mapema.

Chuo kitakutumia I-20, hati ya kuombea viza. Soma kwanza kwenye tovuti ya ubalozi kama raia wa nchi yako wanapewa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, wakati huo, ndipo ulipe ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, na kuomba miadi ya usaili.