Kurasa za majaribio: mchora vibonzo wa Serbia anavyobisha hodi Ufaransa

Serbia ina watu chini ya milioni 7, na soko la vibonzo huko ni dogo. Ndiyo maana Zoran Janjetov wa Novi Sad na Aleksa Gajić wa Belgrade walijijengea jina kwa albamu za Kifaransa, yaani vitabu vya vibonzo. R. M. Guéra, mzaliwa wa Belgrade anayeishi Uhispania, aligeukia Marekani, akachora sehemu kubwa ya mfululizo wa vibonzo wa Scalped kati ya 2007 na 2012.

Chagua soko kabla ya kushika penseli. Albamu ya Kifaransa kwa kawaida ina kurasa 46 zilizojaa fremu (visanduku vya picha) na mandhari. Ukimaliza ukurasa mmoja kwa wiki, hiyo ni kazi ya karibu mwaka mzima. Toleo la kila mwezi la Marekani linadai kurasa 20 hadi 22 kwa mwezi. Mchoraji wa taratibu asijidanganye na njia hii ya pili.

Kisha andaa kurasa 5 au 6 zinazofuatana za tukio moja. Picha moja moja za kupendeza hazisaidii sana, kwa sababu mhariri anataka kuona kama unajua kusimulia. Weka watu wawili wakizungumza chumbani, mtaa wenye majengo, na mwendo wa haraka. Wengi huanguka kwenye mazungumzo: sura ya mhusika hubadilika kutoka fremu hadi fremu.

Chora kwanza rasimu ndogo, na maneno uyaandike humo humo. Viputo vya maneno vikija mwisho vitafunika nyuso. Anayezungumza kwanza akae kushoto, la sivyo mikia ya viputo itapishana. Kifaransa hula nafasi, kwa hiyo acha nafasi tupu sehemu ya juu ndani ya fremu.

Kazi safi ifanye kwenye karatasi ya A3 ya gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba. Nyembamba hujikunja ikilowa wino. Ukurasa utapunguzwa hadi takriban robo tatu ya ukubwa wake, hivyo vistari vyembamba sana vilivyosongamana vitageuka doa jeusi. Jaribu mapema: chapisha nakala ndogo, uitazame kwa umbali wa mkono. Skani mistari myeusi kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Picha ikivuka ukingo, ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa.

Tuma PDF moja nyepesi, yenye jina na anwani yako kwenye kila ukurasa, pamoja na muhtasari wa hadithi usiozidi ukurasa mmoja, kwa Kifaransa kilichopitiwa na mzawa wa lugha hiyo.

Mkataba ukija, tazama kama malipo ya kila ukurasa ni malipo ya awali yatakayokatwa kwenye mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Mara nyingi ndivyo, na hutaona senti nyingine mpaka mauzo yayafidie. Omba pia haki za toleo la Kiserbia zibaki kwako, ili uweze kukitoa kitabu nyumbani.