Kwenda Kapenguria kutoka Nairobi: mpango wa siku tatu

Kapenguria iko kaskazini mwa Kitale, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limo katika kila kitabu cha historia shuleni, lakini wasafiri wengi hupita hapo wakielekea Turkana bila kushuka garini. Tenga siku tatu: moja ya kwenda, moja ya kukaa, moja ya kurudi. Ukilazimisha safari iishe kwa usiku mmoja utafika makumbusho umechoka, upige picha mlangoni, ugeuze.

Panda gari la asubuhi. Magari ya Kitale yana ofisi River Road na mitaa ya jirani. Kata tiketi jana yake, hasa kuanzia katikati ya Desemba, nauli zinapopanda na viti kuadimika. Ni takriban kilomita 380, na ukiondoka alfajiri utafika alasiri. Basi la usiku linakuokolea siku, ila kwa safari hii tunalikataa: umbali wenyewe ni sehemu ya historia. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilipeleka Kapenguria kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, walioshtakiwa kuongoza Mau Mau, kwa sababu hapakuwa na reli, simu wala hoteli, na mgeni hakuingia wilaya hiyo bila kibali. Mawakili walilala Kitale, wakapanda kilima kila siku ya kesi. Nawe lala Kitale usiku wa kwanza, uifuate njia yao asubuhi.

Matatu za Kapenguria hujaa upesi asubuhi na safari haizidi saa moja sana. Hapa ndipo wageni wengi hupotea: gari hukomea Makutano, penye soko, benki na kelele zote, na mtu hudhani amefika. Kapenguria yenyewe, ule mji wa zamani wa serikali, iko kilomita chache mbele. Mwambie makanga mapema kwamba unakwenda makumbusho, au chukua bodaboda pale Makutano na mpatane bei kabla ya kupanda.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1993 katika gereza walimofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, hivyo weka pesa kwenye M-Pesa na uchaji simu. Noti mkononi haitakusaidia. Beba kitambulisho, maana raia hutozwa kidogo kuliko mgeni. Omba mwelekezi, kisha ingia vyumbani polepole, kimoja kimoja. Usianze na picha. Simama ndani kwanza, upime kwa macho nafasi aliyoachiwa mtu mmoja.

Ili vyumba hivyo vikuzungumzie, fika ukijua mfuatano wa mambo. Sita hao walikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Kesi ilianza Desemba mbele ya Jaji Ransley Thacker, katika jengo la shule kwa kuwa mahakama ya kutosha haikuwepo, na wakili Mwingereza D. N. Pritt aliongoza utetezi. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiliwa. Rawson Macharia, shahidi mkuu wa mashtaka, baadaye alikiri kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Mwulize mwelekezi juu ya hilo. Ndiyo sehemu ambayo vikundi vya haraka huiruka. Usiondoke bila kuona sehemu ya utamaduni wa Wapokot.

Desemba hadi Februari ni kukavu, na ndiyo miezi ambayo sehemu kubwa ya kesi ilisikilizwa. Kuanzia Aprili mvua ni nyingi na vijia hutereza. Sweta ni lazima mwezi wowote, na ukitoka Pwani kilima kitakukata pumzi siku ya kwanza, kwa hiyo tembea taratibu. Jioni tafuta maziwa mgando ya kibuyu yenye jivu la mkaa. Rangi yake ya kijivu isikutishe.

Ukirudi, shuka njiani kabla ya Kitale, uchukue bodaboda hadi Hifadhi ya Saiwa. Ni ndogo, kama kilomita tatu za mraba, na hutembelewa kwa miguu tu, juu ya njia za mbao zinazovuka kinamasi. Nzohe, swala wa majini, huonekana alfajiri au jua likikaribia kuzama. Saa sita mchana utaona mafunjo matupu. Kwa hiyo ondoka Makutano kungali giza kidogo, na tiketi ya Nairobi ikate ya gari la saa nne au baadaye.

Kuteremka kaskazini kupitia Kamatira kuelekea Chepareria kunavutia, lakini usiende kabla ya kuuliza usalama wa siku hiyo kwa madereva wa Makutano. Wakisita, baki mlimani.