Bunduki ya zamani ya Winchester: kuinunua na kuisafisha bila kuiharibu

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda polisi. Tanzania ina sheria ya silaha ya mwaka 2015, na bunduki haiuzwi kwa kuandikishana karatasi mbele ya mashahidi kama shamba. Muuzaji aonyeshe leseni, namba ya kwenye chuma ilingane nayo. Kwa Winchester ya muundo wa 1894 namba iko chini ya mwili wa bunduki, upande wa mbele. Ikiwa imekwanguliwa, achana nayo.

Hakikisha haina risasi, kwenye chemba na kwenye bomba chini ya mtutu. Halafu mulika tochi mtutuni: mifereji ionekane, vishimo vya kutu visiwepo. Soma pia maandishi ya kwenye chuma, ujue ni muundo gani. Winchester 1873 ni ya enzi ya baruti nyeusi, ile ya zamani isiyo na nguvu nyingi. Risasi kali za sasa zinaweza kuipasua. Ya 1894 aliibuni Mmarekani John Browning, mbunifu wa bunduki, na aina ya risasi ya bunduki hiyo iitwayo .30-30 ilitoka 1895.

Mimi ni seremala hapa Mafinga, nami kinachoniuma ni kuona mtu anapiga msasa kitako cha mbao ya walnati. Mbao ikishashuka chini ya usawa wa chuma, hairudi! Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta. Palipobonyea weka kitambaa kibichi, gusa kwa pasi ya moto. Mvuke utainua nyuzi za mbao. Kisha mafuta ya linsidi (mbegu za kitani), kidogo sana, usugue kwa kiganja, uache yakauke kabla ya kurudia. Vitambaa vya linsidi vitandaze nje vikauke, maana vikirundikwa huwaka vyenyewe. Kitako kikikosekana kabisa, tafuta mninga mkavu. Paini ya Sao Hill, shamba la miti la huku kwetu, ni laini mno.

Kutu ya juu itoe kwa stiliwuli (nyuzi za chuma za kusugulia) laini kabisa iliyolowa mafuta, taratibu, ukiacha ule weusi wa asili. Bisibisi ikae sawasawa kwenye mfereji wa skrubu. Na kwa ukungu wetu wa Mufindi, usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu.

Usiifyatue mpaka fundi bunduki anayetambulika kisheria aipime chemba. Risasi za bomba ziwe na ncha bapa: zinapangwa moja nyuma ya nyingine, na ncha kali inaweza kugonga fataki, yaani kiwashio cha kwenye kitako, ya risasi iliyo mbele yake, ikalipuka.