Kuitambua sarafu iliyosagika, Unguja na Pemba

Sarafu ikishatoka mchangani, wazuieni watoto wasiisugue. Ndimu na ukwaju hung'arisha shaba kwa kula kutu ya kijani, na kwenye sarafu iliyochakaa maandishi yaliyobaki mara nyingi yamo ndani ya kutu hiyo hiyo. Iloweke kwenye maji safi ya mvua, uyabadilishe kila siku kwa wiki mbili hivi, chumvi ya bahari itoke. Ikikauka ikatoa unga wa kijani mpauko, chumvi bado imo, irudishe majini.

Pima kabla hujasoma. Ipeleke kwenye mizani ya sonara, kisha pima kipenyo. Kipenyo ndicho cha kuamini zaidi, kwani kusagika hupunguza uzito haraka kuliko upana.

Shaba isiyo na tundu, milimita 25 hivi na gramu 6 na kidogo au pungufu, inaweza kuwa pesa (jina la sarafu ndogo ya shaba) ya Sultani Barghash, robo ana, sarafu ndogo ya India, au pesa ya Wajerumani ya 1890 hadi 1892, hii ikiwa na tai. Hapa ndipo wengi hukosea: wakiona picha ya mizani kwenye sarafu wanasema Barghash. Shaba za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki zilizopigwa kwa ajili ya Bombay nazo zina mizani, na uzito unakaribiana. Igeuze. Mistari ya Kiarabu tu, ni ya Barghash. Ngao, ni ya Kampuni. Za Barghash zina mwaka wa Hijria 1299 au 1304, yaani takriban 1882 na 1887. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, nayo hufutika mapema, kwa hiyo 1304 huweza kuonekana 13, pengo, halafu 4.

Ukiona mnazi na mwaka 1908, ni ya Sultani Ali bin Hamud. Adimu, usiiguse kwa kitu kikali.

Zenye tundu ni rahisi. Pembe za ndovu kandokando ya tundu ni senti za Afrika Mashariki, zilizotumika Zanzibar tangu 1936 badala ya rupia. Taji bila pembe huenda ni heller, sarafu ndogo ya Wajerumani.

Fedha: rupia ya India ina gramu 11.66 ikiwa mpya. Reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ina gramu 28 na upana wa milimita 40 hivi. Mwaka wake, 1780, hauthibitishi umri, kwani iliendelea kupigwa na mwaka huo huo.

Maandishi yakikataa, zima taa, laza tochi ya simu karibu iguse meza, piga picha nne, kila moja tochi ikimulika kutoka upande mwingine, bila kuisogeza sarafu. Herufi zisizoonekana mchana hutoa kivuli.

Kipande chembamba, kidogo kuliko ukucha, chenye Kiarabu pande zote mbili, ni jambo jingine. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilipatikana sarafu za fedha za aina hiyo zaidi ya 2,000. Acha kuchimba, piga picha mahali penyewe, wapelekee taarifa Idara ya Mambo ya Kale. Na kwenye magofu, kama Ras Mkumbuu au Unguja Ukuu, ditekta, chombo cha kutafutia metali ardhini, isiwashwe kabisa.