Kuchagua chungu cha bonsai na kuuhamisha mti

Chungu cha bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo, nakigeuza kwanza nione kitako, ndipo nitazame uzuri wake. Kikiwa na kitundu kimoja tu katikati, nakiacha hapo hapo. Nataka matundu mawili mapana ya kutolea maji, vitundu vidogo vya kupitishia waya wa kufungia mti, na miguu ya kukiinua.

Urefu wa chungu uwe kama theluthi mbili ya kimo cha mti, na kina kikaribiane na unene wa shina pale linapotokeza udongoni. Misonobari na mireteni hupendeza kwenye chungu cha udongo wa kuchoma kisichong'aa. Miti ya maua hubeba rangi ya kung'aa. Hayo ni mambo ya macho tu, mti wenyewe haujali. Ila kama shina bado jembamba, usiharakishe kuutia mti kwenye chungu chenye kina kifupi: humo hautanenepa upesi.

Miti inayopukutisha majani huhamishwa vichipukizi vikianza kuvimba, kabla havijafunguka. Jamii ya mikuyu isubiri joto.

Udongo wa bustani haufai. Baada ya kumwagilia, maji hubaki yametuama sehemu ya chini, na chungu kikiwa na kina kifupi sehemu hiyo huwa karibu nusu ya makazi ya mizizi. Ndiyo maana tunatumia punje za akadama (udongo mgumu wa Japani), pumisi na lava (mawe ya volkano yenye vitundu), za milimita 3 hadi 6, zilizochekechwa vumbi lote likatoka.

Funika matundu kwa wavu, pitisha waya, weka kichuguu kidogo cha udongo. Toa mti, kisha uchambue mizizi kwa kijiti kuanzia shinani kwenda nje, polepole, kama mtu anayefumua nywele zilizosukwa. Kata mizizi minene inayoshuka chini na ile iliyojizungusha. Myembamba iache, ndiyo inayonywa. Kupunguza theluthi moja kunatosha. Msonobari usiuoshe udongo wote wa zamani, kwa sababu kuvu wanaoisaidia mizizi yake wamo humo.

Ukalishe mti juu ya kichuguu, uusokote kidogo kulia na kushoto ukae, kisha kaza waya kwa koleo. Hapa ndipo wengi hulegeza mkono. Mimi hushika shina na kulitikisa taratibu: chungu kikicheza pamoja na mti, sawa, mti ukicheza peke yake, kaza tena. Upepo ukiuyumbisha, vijizizi vipya hukatika kila vinapoota.

Mimina udongo, uchomechome kwa kijiti mpaka punje ziache kuzama. Mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe safi, si ya rangi ya chai. Uweke mahali pasipo na jua kali wala upepo kwa wiki mbili au tatu. Mbolea ngoja mwezi mzima, na maji utoe pale tu udongo wa juu unapoanza kukauka. Mizizi iliyokatwa hainywi kama zamani.